Kiti Nilichomwekea Mama Yako

Mwanangu Mishi,

Barua hii nimeikunja ndani ya ile kanga ya mama yako uliyoniomba, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, maana najua hutaifungua kanga hiyo mpaka ufike Maskati na upewe mahali pa kulala. Nimepanga hivyo makusudi. Ukiisoma hapa Kinondo utakuja kusimama mbele yangu na kulia, nami sina nguvu za kushindana na machozi yako. Sasa hivi ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda Ukunda kusukwa, na kaka yako Salim amekwenda kuzungumza na mtu wa tuk-tuk wa kesho. Nyumba imenyamaza, nami nimeketi barazani juu ya mkeka.

Sikuandikii habari ya kula wala ya kuvaa, wala ya kuficha paspoti. Hayo umeambiwa na shangazi zako mpaka masikio yamechoka, na wewe si mtoto. Umeolewa, umeachika, umefua mashuka ya hoteli mpaka hoteli yenyewe ikafungwa. Mtu kama huyo haambiwi achemshe maji ya kunywa. Nakuandikia kwa sababu Ijumaa, mbele ya Salim, uliniuliza kama nitahamia kwake ukishaondoka, nikakujibu kwamba nitakwenda. Nilisema uongo. Kwa Salim sitakwenda. Nitabaki hapa hapa, peke yangu, na magoti yangu haya mabovu, na nataka ujue sababu kutoka kwangu mwenyewe kabla hujaisikia kwa simu kutoka kwa mtu aliyekasirika.

Ili unielewe, lazima nianzie bwawani.

Watu wa hapa walizoea kuniita mtu wa hoteli, na nadhani wengine walifikiri nashika funguo za chumba cha pesa. Mimi nilikuwa wa bwawani. Asubuhi napanga vitanda vya jua, natandika taulo, naokota majani majini kwa wavu wenye mti mrefu, halafu kutwa nzima nawatazama Wazungu wazee wakijitesa. Na walikuwa wazee kweli kweli, ngozi imelegea, vifundo vya miguu vimevimba. Lakini kabla hata ya chai wameshaingia majini, wanakwenda mpaka ukuta ule, wanarudi, wanakwenda tena. Wengine wanashika ukingo na kurusha miguu nyuma. Saa nne anakuja kijana wa kuwachezesha wageni, anafungulia muziki, na vikongwe wanainua mikono juu, wanazunguka, wanakohoa, wanacheka.

Sisi wafanyakazi tulikuwa tukiwacheka kwa nyuma, kule karibu na mapipa. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno zaidi ya wenzangu. Nilikuwa nikisema, "Huyu masikini hana mtoto wa kumtuma." Na sikuwa natania sana, nilikuwa naamini hivyo. Kwetu sisi mtu akizeeka na watoto anao, ananyoosha miguu, anaita jina, analetewa. Maji analetewa, viatu analetewa, kikombe anakuja kuondolewa. Kuinuka mwenyewe wakati wana wapo ni kuwatia aibu mbele za watu. Kwa hivyo nilipomwona mzee anahangaika majini niliona upweke, nikaona jamaa waliomtupa, wala sikuona kitu kingine.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akija kila mwaka, ametiwa chuma kwenye nyonga. Siku moja aliteleza karibu na ngazi za bwawa, akakaa chini kwa kishindo. Nikakimbia, nikamshika makwapani nimnyanyue. Akanipiga mkono. Alijua Kiswahili kidogo cha hotelini, akaniambia, "Ngoja. Mimi mwenyewe." Nikasimama pale kama mjinga, wageni wote wanatutazama. Akajigeuza ubavu, akapiga magoti, akatambaa mpaka kwenye kitanda cha jua, akakishika, akatia mguu mmoja, akatia wa pili. Ilichukua muda mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Aliposimama alikuwa anatetemeka, uso umekuwa mwekundu, akanipa mkono akanishukuru. Kunishukuru kwa lipi, sikujua. Jioni nilikuja kuwahadithia nyumbani kama kichekesho, nikaigiza alivyotambaa, na mama yako alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Nilipostaafu, hoteli ilikuwa inabadilisha vyombo vyake, wafanyakazi wa zamani tukagawiwa vile vya kale. Mimi nikachagua kiti. Unakikumbuka, kile kipana chenye mikono ya mbao na mto wa buluu. Ulikuwa ndio mwaka mama yako alipoambiwa ana sukari. Nikakibeba kiti kile begani kutoka barabara ya lami mpaka hapa, nikakiweka barazani, upande unaopata upepo, nikamwambia, "Haya, Mama Salim. Wewe umefanya kazi ya kutosha. Sasa keti."

Akaketi. Sikukwambia haya zamani kwa sababu niliona fahari, na fahari ile sasa inanichoma. Wapita njia walikuwa wakisema, "Shikamoo Mama Salim, umestarehe leo." Naye anajibu, "Marahaba, ndiyo hivyo, watoto wamekua." Mimi niko ndani nasikiliza, kifua kinapanuka. Nilitaka wamwone pale. Nilitaka waseme yule mzee wa bwawani amemweka mkewe kama wale wageni wake. Tofauti ni kwamba wageni wangu walikuwa hawakai, Mishi. Nilitumia ujana wangu wote kuwatandikia vitanda watu waliokuwa hawavilalii ila nusu saa, na nikarudi nyumbani na kiti tu.

Salim akamwoa Asha, na Asha, binti wa watu mwenye adabu, akaishika ndoo siku ya pili yake. Hiyo ni haki, mkwe akiingia mama mwenye nyumba huweka ndoo chini, hakuna aliyemlaumu. Lakini mimi sikuishia kwenye ndoo. Mama yako alipoendelea kutoroka kwenda shamba kule Muhaka, nililing'oa jembe lake mpini, mpini nikauchoma jikoni. Alipookota makuti akaanza kusuka, nikamwita Asha aje ayachukue. Akiinuka kwenda kisimani kupiga soga na wenzake, namuuliza, "Unatafuta nini? Sema uletewe." Baada ya muda akaacha kuinuka. Nikajua amepona utundu.

Kliniki walituambia. Nisije nikasema hatukuambiwa. Nesi alisema mama atembee kila siku, hata hapa na pale, na aachiwe kazi nyepesi za mikono na miguu, maana sukari inataka mwili unaocheza. Nikaitikia, "Ndiyo, dada, tumesikia." Tulipotoka nje nikaita tuk-tuk itulete mpaka mlangoni, na ilipofika kwenye njia nyembamba nikamwambia dereva apite juu ya mihogo ya jirani ili mama yako asikanyage mchanga. Jirani alininunia mpaka Ramadhani. Mimi nilijiona mume wa kupigiwa mfano.

Sasa nifike kwenye mbuzi ya kukunia nazi, maana hilo ndilo deni langu kwako.

Ulikuwa umekuja nyumbani likizo. Mama yako alikuwa ameshaanza kuswali akiwa amekaa, rukuu kwa kuinamisha kichwa tu. Ukaenda nyuma ya jiko, ukaichukua ile mbuzi kwa siri, ukamwekea, ukampa nazi. Nilipotoka msikitini nikamkuta amekalia mbuzi, magoti yametanuka, anakuna, na mikono yake inakwenda kwa kasi ile ile ya zamani. Alikuwa anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu kiti kilipoingia nyumbani, na hata hilo sikulitilia maanani. Nikakukaripia mbele ya Asha. Nikasema, "Unamtumikisha mama yako mgonjwa? Ndiyo elimu hiyo?"

Ukanijibu taratibu, "Baba, ameiomba mwenyewe."

Nikakwambia mgonjwa huomba mengi. Mama yako aliweka kifuu chini, nazi imekunwa nusu, akajifuta mikono kwenye kanga. Alijaribu kuinuka kutoka kwenye mbuzi akashindwa, akajaribu tena, akashindwa, naye ni mwanamke aliyekuwa akiketi na kuinuka kwenye mbuzi ile tangu nimwoe bila hata kugusa chini. Nikamshika makwapani nikamrudisha kitini. Ukanitazama, Mishi. Tangu siku ile hukunitazama hivyo tena, lakini nimeliona jicho lile mara nyingi. Wewe ulikuwa sawa, mimi nilikosea, na niliyasema yale mbele ya mtu ili uumie. Nisamehe mwanangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, na sehemu kubwa hukuiona. Aliyekuwa anaketi akawa anaegemea. Aliyekuwa anaegemea akawa analala mchana. Mapaja yaliisha, ngozi ikabaki inaning'inia, miguu ileile iliyokuwa ikimpeleka Muhaka na kumrudisha na mzigo wa kuni ikawa haimfikishi chooni bila mtu wa kumshika. Kuchutama akashindwa, tukanunua kile kiti cha plastiki chenye tundu. Nilikuwa nakiosha mwenyewe, na nilijivunia hilo pia. Swala ikahamia kitandani. Aliwahi kuniambia, "Baba Salim, nimekuwa mzigo wa nguo." Nikamwambia asikufuru, ale dawa zake.

Siku aliyoanguka ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri. Hakumwita mtu. Sote tulikuwepo, mimi kitanda cha pili, Asha na Salim chumba cha kule, na hakumwita hata mmoja. Nilimkuta kizingitini, mguu umegeuka upande usiokuwa wake. Nikamuuliza kwa ukali, kwa kuwa niliogopa, "Kwa nini hukuniamsha?" Akasema alitaka kwenda mwenyewe. Hata Mjerumani wangu alikuja kichwani mwangu pale pale, nami nimepiga magoti gizani, na sikucheka.

Hospitali walisema mfupa wa nyonga umevunjika, na kwamba kwa sukari ile na moyo ule kisu ni hatari. Tukarudi naye. Yaliyofuata uliyaona, ni wewe uliyeacha kazi kwa muda ukaja kumgeuza. Ulivisafisha vile vidonda vya mgongoni mpaka mfupa ulipoonekana. Mimi nilikuwa natoka nje wakati ule, ukadhani nakwenda kuswali. Nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko kuziba masikio. Sikuweza kusikia sauti aliyokuwa akiitoa mkimgeuza, na hata leo nikisikia mlango wa kile chumba alichokuwa akilala Asha ukilia bawaba zake namsikia yeye.

Kuna neno moja aliloniambia ambalo sikumwambia mtu yeyote. Mlikuwa mmekwenda kulala kidogo, na mimi nampa uji. Akageuza uso, uji ukamwagika shavuni. Akasema bila hasira, sauti ya mtu anayekumbusha kitu kilichosahauliwa sokoni, "Mngeniachia nazi tu." Nikamuuliza, "Nini?" Akasema, "Jembe mlichukua sawa. Ndoo sawa. Lakini nazi mngeniachia." Nikampangusa shavu.

Alipofariki tulimzika alasiri ile ile, na watu wakaja kunishika mkono wakisema, "Mzee Bakari, hakika umemtunza mkeo." Nikawa naitikia, "Alhamdulillahi." Kila mkono ulikuwa unanisifu kwa jambo lililomuua. Sukari peke yake ingemchukua siku zake, nakubali, Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuchukua. Lakini sukari haikuchukua miguu yake. Miguu tuliichukua sisi, kwa heshima, kidogo kidogo, na kila tulipochukua kipande tulimwambia pumzika.

Basi Salim na Asha wakahamia nyumba yao, nikabaki mimi. Na sikuchelewa kuona kwamba njia ni hiyo hiyo. Siku moja baada ya chakula nilitaka kuinuka kwenye mkeka, magoti yakakataa. Nikaweka mkono chini, nikaweka wa pili, nikabaki nimeinama namna ile, matako juu, natweta, nikasema, loo, Bakari, nawe umefika. Kiti kilikuwa pale pale karibu yangu na mto wake wa buluu. Tangu siku ile sijakikalia.

Ndipo nilipoanza kwenda pwani maji yakipwa, kule Galu, kuingia mpaka magotini na kutembea. Nilijifunza kwa watu niliowacheka. Wewe ulianza kunifuata ukisema unatafuta hewa, lakini nilijua unanilinda nisianguke, nami nikajifanya sijui. Yale matembezi yetu yamekuwa furaha yangu kubwa ya uzee, na sikukwambia, nikawa nakulalamikia tu kwamba unakwenda mbio. Wale vijana wa ufuoni walinitania, "Mzee, umelipa chumba?" Nikawajibu nililipa kabla hawajazaliwa. Magoti bado yanauma, sikudanganyi, asubuhi nyingine nalia kidogo kabla hayajalegea. Lakini nainuka. Nachutama chooni na nainuka. Naswali na paji la uso wangu linafika chini.

Kijijini hawakuipenda. Mzee mwenye mtoto mwenye duka Ukunda, anajitembeza majini peke yake, anabeba maji yake mwenyewe, anapalilia mwenyewe. Wakasema watoto wa Bakari wamemtupa. Salim aliambiwa msikitini, mbele za watu, na mtu aliyedhani anamsaidia. Alikuja hapa akiwa na uso wa kijivu. "Baba, unanivua nguo," akaniambia. Na kweli, Mishi, nilimvua. Usimwone kaka yako mtu mbaya. Anafanya vile vile nilivyomfundisha mimi, amenitazama kwa miaka nikimtunza mama yake, na hajui utunzaji mwingine.

Halafu nikaanguka pale bafuni, mwezi uliopita, nikateguka mkono, na mambo yakaisha. Salim ameshatayarisha chumba kwake. Umekiona, cha chini, vigae vinang'aa, televisheni, na binti wa kunihudumia. Kiti cha mama yako ameshakichukua kwa pikipiki, kimeoshwa, mto umebadilishwa kitambaa. Mlikuwa mmekwisha kupanga wote. Nikasema sitaki. Ndipo Ijumaa ile ulipokaa hapa karibu yangu, ukanishika huu mkono ulioteguka, ukasema, "Baba, ukikataa kwenda kwa Salim, mimi siondoki. Sitakwenda kumlea mama wa watu nikuache wewe unaanguka peke yako."

Nilikutazama usoni na nikajua hutanii. Nimeujua uso huo tangu unanyonya, ni uso wa mama yangu, ndiyo maana ulipewa jina lake. Ungebaki. Ungebaki ukanigeuza na mimi kama ulivyomgeuza mama yako, na maisha yako yangeishia kwenye migongo yetu. Nikaona nina uongo mmoja tu wa kukupa. Nikasema nitakwenda. Ukanibusu kichwa. Ukapumua namna ambayo sikukusikia ukipumua tangu msiba.

Kesho jioni, ukiwa umeshapaa, Salim atakuja na gari kunichukua, nami nitamwambia hapana. Atapiga kelele, atalia, ataita shangazi zako. Nimejiandaa. Nitamwambia akitaka kunipa kitu anipe fimbo nzuri, na vyuma vya kushikilia kule bafuni, na aje Jumapili na watoto tutembee nao mpaka baharini. Sijui kama atakubali. Huenda akaninunia mpaka nife, na hilo nalo ni gharama, nimelipima.

Umeniambia huyo bibi utakayemwangalia ni mzee sana, na kwamba watoto wake wanampenda mno. Hapo ndipo ninapokuhofia. Watakwambia asishike kitu, asiinuke, asichoke. Watakulipa kwa kumketisha. Wewe ni mfanyakazi katika nyumba ya watu, usibishane nao, usije ukaletewa matatizo ugenini. Lakini kuna saa watakuwa wametoka. Saa hizo mpe mchele achambue. Mwulize dirisha liko wapi, mwambie akuonyeshe, mwende pole pole. Akitaka kuinuka mwache ajaribu, kaa karibu, mikono yako iwe tayari, na uishike nyuma yako mpaka utakapoona hana budi. Ni kazi ngumu kuliko kubeba, nakwambia. Mimi sikuiweza katika nyumba yangu mwenyewe, na mtu niliyempenda kuliko wote.

Nisikudanganye mara ya pili: naogopa. Naogopa sakafu ya bafu. Naogopa kulala pale nasikia adhana inapita na nyingine inapita, hakuna wa kunisikia. Jirani ameahidi akiona mlango haujafunguliwa alfajiri atagonga, na nadhani mihogo ameshanisamehe. Zaidi ya hapo sina ulinzi. Kwa Salim pengine ningeishi zaidi, najua, na wewe ungelala usingizi mzuri. Nimeuchukua usingizi wako ili nibaki na miguu yangu, na sina uhakika kama ni haki. Nimelifikiri jambo hili mpaka limenichosha, na kila nikilifikiri namwona mama yako kitini, anatazama njia, mikono imekaa mapajani haina kazi.

Nikifa usirudi. Sisi tunazika siku ile ile, hutaniwahi, utapoteza kazi kwa ajili ya kuangalia mchanga. Niswalie huko huko, itanifikia.

Siku moja Salim atakupigia simu. Huenda ikawa mwaka huu, huenda ikawa baadaye. Atakwambia baba ameanguka, tena atakwambia kwa ukali, maana atakuwa analia. Usimuulize kama nilikuwa peke yangu. Muulize nilikuwa nakwenda wapi.

Baba yako,
Bakari